Ghorofa za Upanga zinauzwa, hati ya sehemu yako iko wapi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niongelee hii biashara ya apatimenti hapa Upanga. Barua ni ndefu kidogo, naomba usiikate sana maana watu wanatoa hela za maisha yao yote, hela za kiinua mgongo, hela za kuuza shamba la baba, na wengi wao hawajui wanasainishwa nini.

Mimi ni mkazi wa Upanga, tumepanga, na kwa kweli tunapapenda. Kazini kwangu ni upande wa Muhimbili naenda kwa mguu, mume wangu yuko Posta, watoto shule yao haina haja ya basi la saa kumi na moja alfajiri. Kodi inapanda kila mkataba ukiisha kwahiyo tukasema jamani hii hela tunayompa mwenye nyumba si bora tuielekeze kwenye chetu, tukaanza kutafuta ya kununua. Hapo ndio nimeona mambo ambayo nadhani yanatakiwa yasemwe wazi gazetini, sio kunong'onezana kwenye magrupu ya WhatsApp.

Kwanza kwa wale wasiopita huku mara kwa mara, Upanga imebadilika sana. Zile nyumba za chini zenye uwanja na mwembe zinaisha, yale maflati ya ghorofa tatu yenye kamba za nguo kwenye baraza nayo moja moja yanabomolewa, na ukipita Mindu, Kibasila au Magore kila baada ya hatua chache unakutana na mabati yaliyozungushiwa saiti na kreni juu, usiku malori ya zege yanaingia watoto hawalali. Chini ya ghorofa mpya kunafunguliwa jimu, saluni ya vioo, sehemu ya kahawa ya mashine ambapo kikombe kimoja ni bei ya chakula cha mchana cha mama ntilie. Urojo na mishkaki ya jioni bado ipo, ashukuriwe Mungu, ila anayekaa na sahani siku hizi ni kijana wa Kinondoni au Tabata aliyeona video mtandaoni akaja na wenzake. Na tangu Daraja la Tanzanite lifunguliwe 2022 unatoka pale Aga Khan unatokea Coco Beach dakika chache tu, basi hapo madalali ndio wamepata la kusema, kila tangazo "karibu na Tanzanite".

Sina ugomvi na ghorofa. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 Dar es Salaam, hawa watu wote hatuwezi kuwaambia waende Chanika na Bunju kila mtu na kiwanja chake na uzio wake, alafu wote waje Posta asubuhi kwa barabara zile zile. Lazima mji uende juu, na Upanga iko katikati ya mji. Kinachoniuma ni kwamba tunakwenda juu kwa kasi ya saruji na nondo huku umiliki umebaki chini, umebaki kwenye kile kiwanja kimoja chenye hati moja ya mtu mmoja.

Ngoja nieleze tulichokutana nacho. Sitaja jina la kampuni wala mtaa maana shida yenyewe sio ya kampuni moja. Dalali alitupeleka kwenye jengo ambalo limeshaisha na watu wanakaa kabisa, tukapanda hadi ghorofa ya tisa, vyumba vitatu, kimoja masta, jiko la kisasa lenye kabati hadi juu, ukifungua mlango wa balkoni unaiona bahari yote na meli zimetia nanga zinasubiri bandari. Kwa kweli ni pazuri. Mume wangu alikaa pale balkoni akanyamaza, nikajua huyu ameshahamia. Dada wa ofisi ya mauzo ni mchangamfu, ana brosha, ana juisi, akatuambia zimebaki chache na mwezi ujao bei inapanda.

Nikamuomba kopi ya hati. Akasema, "Dada yangu hati zinashughulikiwa, wateja wote wako hivyo, wewe usiwe na wasiwasi." Nikauliza zinashughulikiwa tangu lini, maana watu wanaishi humu na nguo zimeanikwa naziona. Akasema hilo ni la ofisi ya sheria. Basi tukaomba rasimu ya mkataba tukampelekea wakili wetu na tukamuomba afanye upekuzi kwa Msajili wa Hati, yaani aangalie kwenye daftari la serikali kiwanja ni cha nani na kama kina deni, upekuzi ambao ada yake ni hela ndogo ukilinganisha na bei ya hata mlango wa hizo apatimenti.

Majibu ndiyo haya. Kiwanja kina hati moja, ya kampuni. Hati hiyo iko rehani benki, kampuni ilikopea pesa za ujenzi. Hakuna mgawanyo wa sehemu za jengo uliosajiliwa, maana yake kisheria ile ghorofa ya tisa yenye bahari haipo, kuna kiwanja chenye jengo basi. Wale waliokaa mle ndani ambao wameshalipa mpaka senti ya mwisho wana mkataba wa mauziano na risiti, na kampuni ikishindwa kulipa mkopo benki inakuja kwenye kiwanja chote pamoja na kilichosimama juu yake, na hao wanunuzi wataenda mahakamani kugombana na benki kwa kutumia risiti.

Alafu mkataba wenyewe. Nimeusoma nikiwa na kalamu. Kifungu kimoja kinasema paa la jengo, sakafu ya chini yote na paking ambazo hazijauzwa vinabaki mali ya muuzaji na anaweza kuvitumia au kuvikodisha apendavyo. Paa maana yake ni hela ya mnara wa simu na mabango, na ukarabati wa paa likivuja uko kwenye kifungu kingine, hicho ni cha wanunuzi wote kuchangia. Kifungu kingine kinasema muuzaji ndiye atakayesimamia jengo na kupanga sevisi chaji, yaani michango ya kuendesha jengo, hakisemi mpaka lini na hakisemi atatoa hesabu kwa nani. Ukichelewa kulipa awamu unapigwa faini kwa mwezi, yeye akichelewa kukupa hati hakuna faini wala tarehe, limeandikwa tu "ndani ya muda unaofaa". Na bei imeandikwa kwa shilingi kama kanuni za matumizi ya fedha za kigeni za Machi 2025 zinavyotaka, ila chini yake kuna sentensi ndogo kwamba kila awamu itapigiwa hesabu upya kwa kiwango cha dola cha siku hiyo ya malipo. Yaani dola imetolewa mlangoni ikaingizwa dirishani, na mshahara wangu mimi ni shilingi.

Wakili aliniuliza swali moja, "Dada, ukifa leo watoto wako watapeleka nini kwenye mirathi?" Sikuwa na jibu.

Sasa cha kuumiza ni kwamba sheria ipo. Bunge lilitunga Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo mwaka 2008, ni Sheria Namba 16 ya mwaka huo, na kwa mtu wa kawaida ni nzuri kabisa. Inasema jengo moja linaweza kugawanywa kwenye sehemu, kila sehemu ikawa na hati yake inayojitegemea ambayo unaweza kuuza, kurithisha au kuweka rehani bila kumuomba jirani, na vile vya pamoja kama ngazi, lifti, korido, uwanja, vinamilikiwa na wenye sehemu wote kila mtu kwa fungu lake. Na mgawanyo ukisajiliwa basi wamiliki wanakuwa na chama chao chenye nguvu ya kisheria, kinaweza kushtaki na kushtakiwa, kinaweka kanuni za jengo, kinakusanya michango na kinawajibika kwa wanachama. Sio kamati ya kuombana kwenye WhatsApp ambayo asiyetaka kuchanga hachangi.

Lakini yote hayo yanaanza pale jengo linaposajiliwa kwa mgawanyo. Lisiposajiliwa sheria inabaki kabatini na wewe unabaki mpangaji aliyelipa kodi ya miaka hamsini kwa mkupuo.

Wengine wataniambia hilo ni la makaratasi tu, muhimu unakaa kwako. Sikubaliani, maana karatasi hiyo ndiyo inaamua nani anaweza kununua Upanga. Benki haitoi mkopo wa nyumba bila hati ya kushika, na mikopo yenyewe tayari ni mizito, riba zake hapa kwetu zinacheza kati ya asilimia 13 na 19 hivi. Sasa kama jengo halina hati za sehemu, mwalimu, nesi, afisa wa kawaida ambaye angeweza kukopa akalipa kidogo kidogo kwa miaka 15 au 20 anakuwa ameshafungiwa nje, anayebaki ni mwenye keshi au yule anayelipa awamu kubwa kubwa kwa developa ndani ya miezi michache ya ujenzi. Ndio maana hizi apatimenti nyingi usiku hazina taa. Wamenunua watu wenye hela zao wanaweka kama akiba, wengine wako nje, wengine wanapangisha kwa siku kwa wageni, na sisi tunaofanya kazi humu humu mjini tunaendelea kusogezwa kwenda mbali. Mtaa unapendeza huku wenyeji wanapungua.

Na watu wa nje nao wanaumia vile vile, tena zaidi. Nina binamu yangu yuko Muscat, yeye aliona picha kwenye simu na video ya dakika moja yenye muziki, akataka kutuma malipo ya kwanza siku hiyo hiyo, ilibidi nimpigie simu usiku nimwambie kaka subiri, mtume wakili kwanza. Kuna wangapi hawana wa kuwapigia?

Upanga mambo ya umiliki yana historia yake, wazee wanaijua. Aprili 1971 serikali ilitaifisha majengo yenye thamani ya zaidi ya Sh100,000 ambayo wenyewe hawakuwa wanayakaa, na mengi yalikuwa mjini na Upanga hapa hapa, yakaenda kwa Msajili wa Majumba na baadaye mwaka 1990 yakahamia Shirika la Nyumba la Taifa. Jirani yetu mmoja, mama mtu mzima, familia yake ilijenga flati kwa kuchangishana, ikachukuliwa, wakabaki kuwa wapangaji kwenye vyumba walivyovipaka rangi wenyewe. Simtaji kwa ajili ya kufukua makaburi ya siasa, ila yeye ndiye aliyeniambia mwanangu usikubali kukaa kwenye nyumba ambayo jina lako haliko kwenye kitabu cha serikali hata kama una funguo. Na watu wa aina yake, wapangaji wa miaka na miaka, ndio sasa wanaona nyumba za zamani zinaingia kwenye mpango wa ubia ambao Shirika liliuzindua upya Novemba 2022, mwekezaji anakuja na mtaji, jengo la zamani linashuka, jipya linapanda. Ni sawa, majengo mengine kweli yamechoka, nondo zinaonekana kwenye dari. Ila kama shirika la umma ndilo mshirika basi lingekuwa la kwanza kuonyesha mfano kwenye hili la hati.

Nikirudi kwenye maisha ndani ya jengo. Hapa tunapopanga lifti ilikufa, ikakaa imekufa muda mrefu sana. Ghorofa ya sita kuna bibi mwenye magoti mabovu, kijana wa gesi alikuwa anampandishia mtungi kwa ngazi na kulipwa zaidi, bibi mwenyewe akawa hashuki hata kwenda msikitini Idi. Mafundi walikuja wakasema ni kifaa kimoja, bei wakataja. Sasa nani analipa? Wenye flati wako kadhaa, mmoja yuko Canada, wawili wameshauza kwa mikataba ya mkononi, kampuni iliyojenga ilishafunga ofisi, na kila anayeambiwa anasema lifti si yangu. Ni kweli si ya mtu. Haikuwahi kuandikwa kwa jina la wote, kwahiyo haikuwa ya yeyote. Vile vile pampu ya maji, ilipoungua tukawa tunanunua maji ya boza na kupandisha kwa ndoo wakati tenki kubwa liko chini limejaa.

Alafu kuna jengo si mbali na hapo, la kawaida tu, marumaru zake za kizamani, ila wenye sehemu walisajili, wana hati zao, wana chama. Nilienda kumuona rafiki yangu, pale karibu na lifti kuna ubao, umebandikwa mapato na matumizi ya miezi mitatu, mlinzi analipwa kiasi gani, dizeli ya jenereta lita ngapi, nani hajalipa sevisi chaji na namba ya flati yake imeandikwa wazi kabisa. Kuna mfuko wa akiba wa lifti. Bima ya jengo ipo. Nilisimama pale nikasoma karatasi yote hadi rafiki yangu akashuka kunitafuta. Balkoni zake hazioni bahari, zinaona ukuta wa jirani, na mimi nikamwambia mume wangu jioni ile kwamba kama ningepata flati ndani ya jengo lile ningeacha ile ya ghorofa ya tisa na meli zake zote.

Lingine la haraka ni mabomba. Kiwanja kilichokuwa na familia moja na vyoo viwili sasa kina apatimenti hamsini sitini zenye vyoo vitatu kila moja, na mtandao wa maji taka wa katikati ya mji ni wa zamani. Mvua za masika zikianza kuna chemba zinafumuka katikati ya barabara watu wanaruka na viatu mkononi. Maji safi nayo, sote tunakumbuka Oktoba na Novemba 2022 Ruvu ilivyokauka tukawekwa kwenye mgao, majengo yasiyo na tenki la maana watu walihamia kwa ndugu. Kibali cha ujenzi kinatoka Jiji, basi Jiji litwambie kwa kila ghorofa linaloruhusu bomba limeongezwa kiasi gani. Na usalama wenyewe wa jengo: Machi 29, 2013 lile la ghorofa 16 lililokuwa linajengwa mjini lilianguka likaua watu zaidi ya thelathini, na Novemba 16, 2024 likaanguka la Kariakoo watu wakiwa ndani ya maduka. Mnunuzi ana haki ya kusimama mbele ya bango la saiti akasoma jina la mkandarasi, mhandisi na mbunifu, akaenda kwenye bodi zao kuuliza kama wamesajiliwa kweli. Kama bango halipo basi hilo peke yake ni jibu.

Madevelopa nao nimewasikiliza, sitaki kuwaonea. Mmoja alinieleza kwa upole kabisa kwamba mgawanyo unahitaji mpima, michoro, ada, ofisi kadhaa, na faili linaweza kukaa mezani muda mrefu, na benki iliyoshika hati kuu haitaki kuiachia mpaka mkopo uishe. Ni kweli na Wizara ya Ardhi ina kazi ya kufanya hapo, faili la jengo ambalo limekamilika na limekaguliwa halina sababu ya kuzunguka mwaka mzima. Lakini kama kweli kazi ni ngumu hivyo kwa kampuni yenye mawakili na wapima, mwambieni mnunuzi kabla hajatoa hela. Mbona kwenye brosha kuna picha ya bwawa la kuogelea na hakuna sentensi hata moja kwamba hati iko rehani?

Ninachoomba kwa Wizara ya Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Makazi sio kikubwa. Jengo likishakamilika na kuanza kukaliwa, developa apewe tarehe ya mwisho ya kusajili mgawanyo na kukabidhi hati, na akipitisha tarehe alipe faini kwa mnunuzi kama vile mnunuzi anavyolipa akichelewa awamu. Kwa zile zinazouzwa kwenye ramani kabla hata ya msingi, hela za wanunuzi zikae kwenye akaunti maalum zitoke kwa hatua za ujenzi, sio ziingie kwenye mfuko wa kampuni zikajenge jengo lingine Masaki, na fungu la mwisho lisitoke mpaka hati ya mtu imetoka. Na tangazo lolote la kuuza apatimenti liseme wazi, kwa maandishi ya kusomeka, namba ya kiwanja, hati ina miaka mingapi iliyobaki na kama iko rehani. Hilo la miaka wengi hatuliulizi kabisa, ardhi yetu ni ya umma chini ya Rais na hati zinatolewa kwa miaka 33, 66 au 99, ukinunua flati ya mamilioni mengi juu ya kiwanja kilichobakiza miaka michache unatakiwa ujue mapema.

Kwa wanunuzi wenzangu wa Upanga, na Kariakoo, Kinondoni, Mikocheni ambako nako kunapanda, naomba msione aibu kuuliza. Madalali wanatufanya tujione washamba tukiuliza hati mbele ya marumaru zinazong'aa. Fanya upekuzi kabla ya kulipa hata ile wanayoita buking. Uliza kama muuzaji ni mtu binafsi mwenza wake ameridhia kwa maandishi. Uliza LUKU ni yako peke yako au mnachangia mita moja, maana kodi ya jengo nayo inakatwa humo humo tangu 2021. Uliza maandishi ya paa ni la nani. Uliza VAT ya asilimia 18 iko ndani ya bei au itakuja baadaye, na ushuru wa stempu nani analipa. Nenda jengo hilo usiku uone taa ngapi zinawaka, ongea na mlinzi, ongea na mtu uliyemkuta kwenye lifti, muulize mkutano wa mwisho wa wamiliki ulikuwa lini. Akikuangalia kama vile umeuliza jambo la ajabu, rudi kwa wakili wako kabla hujaweka sahihi.

Sisi bado hatujasaini. Tumewaandikia muuzaji barua kupitia wakili tukitaka mambo matatu yaingizwe kwenye mkataba, tarehe ya hati na faini yake, barua ya benki kwamba sehemu yetu itaachiwa kwenye rehani tukimaliza kulipa, na paa liwe la wamiliki wote. Dada wa mauzo alinipigia akasema hakuna mteja mwingine aliyewahi kudai hivyo. Nimeongea na wanne waliokwisha hamia mle na wote sasa wanataka kuandika barua yao, wanasema walidhani hati ni mambo ya kusubiri tu.

Ndugu Mhariri, naomba na gazeti lako lifanye kazi moja, mtume mwandishi Wizara ya Ardhi aulize tangu sheria ile ya 2008 mpaka leo ni majengo mangapi ya ghorofa Dar es Salaam yamesajiliwa kwa mgawanyo na hati ngapi za sehemu zimetoka, mtaa kwa mtaa, na mchapishe orodha yote. Pia aulize Shirika la Nyumba kwenye majengo ya ubia wanunuzi watapewa hati lini. Mimi na majirani zangu tutainunua nakala ya siku hiyo, na tutaibandika kwenye lifti.

Wako msomaji,
Mama wa watoto wawili,
Upanga, Dar es Salaam